Herufi Tatu za Yaya Amisi

Nakumbuka siku moja, pale mtaani kwetu Mangobo, papa, baba yetu fundi nguo, alisimamisha cherehani yake akaniambia nifunge mdomo. Mwanangu, sikuwa nimemtukana mtu. Nilikuwa nimemwambia kaka yangu mkubwa, yaya Amisi, ndiye baba yako, kwamba naweza kumsaidia hesabu.

Enzi hizo nchi bado inaitwa Zaire. Yaya alitoka sekondari upande wa lugha, Kilatini na Kifaransa kwa wingi, hesabu kidogo sana, kisha akakubaliwa mwaka wa kwanza wa udaktari. Wiki ileile mtaa mzima ukaanza kumwita Docteur. Muuza mikate Docteur, shehe Docteur, hata mama aliyemzaa. Nani angekataa jina tamu namna ile? Mimi nilikuwa bado msichana wa sekondari, lakini upande wa hesabu na fizikia.

Asubuhi yaya alizipiga pasi ya makaa nguo za wateja wa papa huku akikariri kanuni ya lenzi: "Un sur f, égale un sur p, plus un sur q." Yaani moja kwa f ni sawa na moja kwa p kujumlisha moja kwa q; hakukosea hata siku moja. Nikamuuliza, "Yaya, na wakikupa f na p, hiyo q utaitafuta namna gani?"

Akageuka kunitazama. Pasi ikaunguza shati la watu. Nikasema basi nitamuonyesha, na hapo ndipo cherehani iliposimama.

"We mutoto, funga mudomo," papa akasema. "Docteur hafundishwe na mudogo wake. Umuache."

Nikamuacha. Nilikuwa mtoto wa adabu, haya, na adabu ile ilitugharimu.

Mtihani uliuliza q. Yaya aliandika kanuni kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake hakuandika kitu. Akarudia mtihani, akashindwa tena, akaondolewa chuoni. Jina halikuondoka. Watu hawakuwa na ubaya, walikuwa wamelizoea tu, na kila walipomwita Docteur aliinamisha kichwa. Mwishowe alipanda mtumbwi akateremka mto hadi Yanonge, ambako hakuna aliyemjua, akauza samaki. Ndiyo sababu ulizaliwa kule. Nililia sana, mwanangu, na mpaka leo nikisikia harufu ya nguo iliyoungua moyo unaniuma.

Alipougua nilimfuata. Wakati huo nilikuwa nimeshafundisha watoto wa watu hesabu miaka na miaka. Akanionyesha majivu ya jiko kwa kidole. "Mudogo wangu, niandikie ile q."

Nikaandika mle majivuni. Kutoka moja kwa f unatoa moja kwa p, halafu unageuza chini juu. Akaifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, yaya."



Sasa wewe umekubaliwa udaktari, na unaniuliza fizikia yao inataka hesabu kiasi gani. Si nyingi. Ujue hesabu za sehemu bila kuziogopa, ujue kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa alama ya sawasawa kwenda mwingine, vipeo vya kumi, logarithme, sinus na cosinus za pembetatu, na kusoma grafu. Zile dérivée, hesabu za kasi ya mabadiliko, watakuelekeza hukohuko. Lakini haya ya chini hakuna profesa atakayesimama kukungoja. Kanuni usiyoweza kuigeuza bado hujaijua, hata ukiisema usingizini. Na pale usipojua uliza, hata kama wa kumuuliza ni mtoto aliyetumwa chumvi.

Wakianza kukuita Docteur, itika, usiwakasirikie. Kisha uje uketi hapa kando yangu tufanye mazoezi.

Mungu akupe kichwa chepesi na mdomo usioona haya. Akuhifadhi njia yote. Na siku jina lile litakapokuwa lako kweli, teremka mto hadi Yanonge, uliseme kwa sauti kwenye kaburi la baba yako.