Karatasi ndani ya riwaya

Wiki iliyopita, katika duka la vitabu vya mitumba katika barabara ya Chaussée de Wavre, Ubelgiji, mzee wa Lubumbashi, mwalimu mstaafu, aliulizia riwaya ya Mfaransa mmoja mashuhuri. Akaanza kuisema sentensi ya kwanza, na mwenye duka, mama wa Kibelgiji mwenye mvi, akaimalizia bila kufungua kitabu. Wakacheka kama watu waliosoma darasa moja.

Kisha mama akaitoa riwaya yenyewe na kuchomeka karatasi ndani yake. "Siuzi hiki bila hii," alisema. Ilikuwa nakala ya makala ambamo mwandishi huyohuyo aliwatukana Wayahudi na kutaka wafukuzwe.

Mzee aliisoma amesimama. Akafuta miwani kwa shati, akaisoma tena. Akanigeukia mimi, niliyemsalimu mlangoni kwa Kiswahili.

"Bon, ndugu, miaka yote nilikuwa nafundisha batoto huyu muntu. Hakuna mwenye aliniambia."

Halafu akamuuliza mama kwa Kifaransa, "Na wewe, bado unaisoma?"

"Kila mwaka. Bibi yangu aliipenda. Wakati wa vita, askari walipomchukua kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliiacha kitandani hajaimaliza. Natamani kuisoma kama alivyoisoma yeye, kabla hajajua. Sijaweza."

Mzee alilipa, akaondoka na kitabu na karatasi yake.

Mimi nilitoka mikono mitupu. Nyumbani ninaye mwandishi wangu wa Kifaransa, nampenda tangu shule. Sijawahi kutafuta aliandika nini juu ya watu weusi kama mimi. Jioni ile nilimsoma polepole, kama mtu anayeaga.