Baraza ya Mbao Iliyooshwa Kila Asubuhi

Mwanangu Masika, siku ya ubatizo wako bado naikumbuka pamoja na harufu ya rangi yake. Nimefika hapa Bwera kuiona nyumba yako mpya, nyumba nzuri, Mungu akupe maisha marefu ya kuikaa, lakini tangu jana nimekataa kukanyaga baraza yako ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na naona umeanza kunitazama kama mama aliyezeeka vibaya. Umeniwekea kiti pale, umeniletea chai pale, nami nimeibeba chai yangu nikarudi nayo ndani. Basi kaa. Weka simu chini kidogo. Nikishamaliza utajua kwa nini asubuhi, nilipomwona msichana wako wa kazi akimwaga maji ndoo baada ya ndoo juu ya ule mkeka wa plastiki mlioupigilia misumari kwenye mbao, nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia.

Mimi nilizaliwa kambini, Kasese mjini, baba yangu askari polisi aliyetoka Soroti. Pale kambini palikuwa na watu wa kila kabila la Uganda, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichogombana nacho na ndicho tulichopatana nacho. Asubuhi kila mama alitoka na ndoo na ufagio, maji yakamwagwa kwenye sakafu ya saruji, tukasugua kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana. Na jua la Kasese unalijua mwenyewe. Kabla hujarudisha ufagio mahali pake sakafu imeshakauka. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yetu kabla ya kanisa. Nyumba isiyomwagiwa maji asubuhi iliitwa nyumba ya mvivu, na mama mwenye nyumba hiyo alisemwa bombani mpaka anyamaze mwenyewe.

Halafu nikaolewa na baba yako, Baluku, nikapanda naye Maliba. Babu yako, baba mkwe wangu, alikuwa amestaafu jeshi na kurudi kwenye shamba la baba yake huko mlimani. Watu wote walimwita Afande, hata mke wake. Alikuwa amejenga nyumba kwenye mteremko, na upande wa mbele, pale ardhi inaposhuka, akaweka baraza ya mbao juu ya nguzo. Chini yake mtu mrefu aliweza kupita bila kuinama, na hapo chini palikuwa na mawe na mibuni. Ukisimama juu uliona bonde lote, mpunga wa Mubuku unang'aa, na magari barabarani madogo kama kunguni. Pale kijijini hakuna mtu mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Afande aliipenda baraza ile kuliko ng'ombe zake, na ng'ombe zake alizipenda sana.

Aliitunza kikambi. Kila asubuhi maji na sabuni, brashi ngumu, tena maji. Wageni wakitarajiwa, rangi. Wewe hukukulia kambini, lakini mimi najua: mkubwa akija kukagua, hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Mama mkwe wangu, bibi yako, ndiye alikuwa anamwaga maji hayo miaka yote, na nilipofika nikakabidhiwa ndoo. Niliifurahia kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo niliyoijua.

Lakini Maliba si Kasese mjini. Kule mawingu yanashuka mlimani na kuingia jikoni bila hodi. Chumvi inalia maji ndani ya kopo. Nepi zako zilishinda kwenye kamba mchana kutwa, na jioni nilizikausha kwa pasi ya makaa. Tulilalamika nepi hazikauki, viatu vinaota ukungu, kahawa inachelewa, na katika kulalamika huko kote hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbao zile zinakauka saa ngapi.

Wiki ya ubatizo wako mvua ilinyesha kila siku. Afande akaleta rangi ya kijani akaanza kupaka. Bibi yako alisema neno moja tu.

"Afande, mbao iko na maji bado. Ngojea jua."

"Wageni haingojei jua," akamjibu, akaendelea kupaka.

Aliipaka nzito. Ikaingia katikati ya ubao na ubao, ikaziba nafasi zote, ikafunika vichwa vya misumari. Ilipokuwa tayari ilionekana kama kitu kilichotoka dukani leo, na mimi mwenyewe nilisimama mlangoni nikaisifu.

Jumapili tukarudi kutoka kanisani na wageni wengi. Walikuwa wamekaa uani nyuma ya nyumba wanakula, na Afande akawaita wenzake wa zamani wa jeshini waje mbele waone baraza na bonde. Akakuchukua mikononi mwangu, umevaa gauni jeupe, akatangulia nawe mpaka kwenye uzio wa mbao wa mwisho kabisa, akageuka kutuangalia. Sisi wengine tulikuwa bado mlangoni.

"Tazama!" akasema. "Hii ndiyo askari yangu mupya!"

Masika, sikusikia mlio. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Ubao mzima hulia kabla ya kuvunjika, unakupa nafasi ya kuruka. Ule haukulia. Ulizama tu, polepole, kama mguu unavyoingia kwenye tope, na Afande akazama nao. Miguu ikapotea, kiuno kikapotea, akakwama kwenye mbavu. Uzio uliokuwa nyuma yake ukaondoka wote kwa pamoja, na baadaye ndipo tukausikia ukipiga mawe chini. Nawe ulikuwa juu ya kichwa chake. Alikuwa amekuinua kwa mikono miwili, kama askari wanavyoinua bunduki wakivuka mto.

Wenzake wakakimbilia mbele, na mmoja alipoweka mguu tu ubao mwingine ukadidimia chini ya kiatu chake.

"Simama!" Afande akanguruma. "Hapana sogea! Kila mutu abaki pale iko!"

Wote wakaganda. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote pale, na nilikuwa nimeshakunja gomesi yangu, lile gauni refu la sherehe, nikimbie, bibi yako akanishika mshipi kwa nyuma.

"Mama Masika, hapana kimbia. Lala na tumbo. Pita kwa misumari. Pale misumari iko, chini iko boriti."

Nikalala. Nikatazama mbele yangu, nikaona kijani kitupu. Misumari iko wapi? Rangi ilikuwa imeifunika yote. Mwanangu, nilitaka kufa. Nilipapasa sakafu ile kwa viganja kama kipofu, nikitafuta kinundu, nikipata kimoja najivuta, natafuta kingine. Rangi haikuwa imekauka, ilinishika mikono, ilinishika nguo, ilinishika kidevu. Na wewe juu huko ulikuwa unacheka! Uliona babu anakurusha. Kisha mikono yake ikaanza kushuka, nawe ukatambua kwamba huu si mchezo, ukalia.

Nikainua macho nikaona uso wake. Yule mzee nilimwogopa tangu siku ya kwanza, sikuwahi kufikiri kwamba naye anaweza kuogopa. Hakutoa amri tena. Alinong'ona.

"Kuja pole pole, mutoto wangu. Niko naye. Lakini mukono inachoka."

Nilipolishika gauni lako sikulivuta, nililikamata tu. Halafu nikapata mguu, halafu mwili wote, nikakubana kifuani, na wale wazee nyuma wakanivuta kwa miguu yangu kama gunia. Na hapohapo, nilipokutoa mikononi mwake, zile mbao zilizokuwa zimemshika mbavu zikaachia. Akaanguka. Alikuwa amejizuia kwa kifua na kwa pumzi mpaka uondoke. Nilisikia alivyotua kwenye mawe, na sauti ile sitakuigizia.

Alivunjika paja. Akalazwa hospitali muda mrefu, na mguu ule haukunyooka tena. Ndiyo sababu unamkumbuka na fimbo. Wewe ulikuwa unadhani ni risasi, wajukuu wote mlidhani ni risasi, naye hakuwasahihisha.

Kesho yake baba yako akaniita twende chini ya baraza. Tangu ijengwe, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameingia huko kutazama juu. Tuliingia, tukainua macho. Nikashtuka upya. Huku juu tulikuwa na kijani cha kung'aa, huku chini ilikuwa nyeusi na inatoa majimaji. Uyoga ulikuwa umeota kwenye boriti, mkubwa, umepangana vizuri kama masahani. Baba yako akasukuma kidole kwenye boriti moja, kidole kikaingia chote. Alipokitoa, mbao ikamfuata kwenye kucha kama bundu, ugali wa muhogo, iliyolala. Mwanangu, pale juu ndipo nilipokuogeshea kila siku. Nilikaa chini kwenye mawe yale mpaka baba yako akanifunika koti.

Mshtuko mwingine ulikuja Afande aliporudi na magongo yake. Mafundi walikuwa wameshaweka mbao mpya. Alizikagua kutoka mlangoni, akaagiza rangi iletwe na maji yachotwe, baraza isafishwe. Nikachukua ndoo, nimezoea. Bibi yako akainuka akaniondolea ndoo mkononi. Mwanamke huyo sikuwa nimemsikia akipaza sauti hata kwa kuku.

"Rangi hapana," akasema. "Maji hapana. Afande, hii mbao si askari. Askari ukipigia kelele inasimama, hata kama iko mugonjwa. Mbao ikiwa mugonjwa inaanguka na mutoto yetu. Tangu leo, mutu akimwaga maji hapa, atamwaga na mimi nikiwa kwa kaburi. Na wewe mwenyewe utaingia kule chini uangalie."

Nilisubiri mabati yaruke. Afande akaegemea gongo moja, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso, akampigia saluti.

"Ndiyo, afande," akamwambia mke wake.

Hakuna aliyecheka, maana bibi yako alikuwa analia.

Na alitii. Mpaka mwaka alipofariki, kila mwezi alishuka kule chini akijiburuta kwa makalio kwenye mteremko, kisha akasimama kwa fimbo na bisibisi mkononi, akichoma boriti moja moja. Ikizama, anaita fundi siku hiyohiyo. Majani chini ya baraza aliyafyeka ili upepo upite. Katikati ya ubao na ubao alitaka nafasi ya kupitisha kidole kidogo, na majani ya mibuni yakiziba nafasi hizo alikaa akiyatoa kwa kijiti huku akiimba nyimbo za jeshi. Kufagia, ufagio mkavu. Mtu akimwaga chai, kitambaa, papo hapo. Mafuta ya mbao aliyapaka kiangazi tu, baada ya jua kuwaka siku kadhaa mfululizo, na kwanza alilaza shavu lake juu ya ubao kusikia kama bado una baridi. Tulimcheka kwa hilo shavu. Lakini baraza ile iko Maliba hadi leo, na shangazi yako anaanika maharage hapo.

Sasa nakusemea wewe, mwanangu, na yeyote wa rika lako anayejenga kwa mbao kwenye nchi hii ya mvua. Usitunze kitu kwa mazoea ya mahali ulikotoka, kitunze kwa hali ya mahali kilipo. Sakafu ya saruji kwenye jua la Kasese ni jambo moja, mbao kwenye ukungu wa mlima ni jambo lingine kabisa. Mbao inataka kukauka, basi. Mkeka ule ng'oa leo, maana unafungia maji ndani hata siku ya jua. Vyungu vya maua vipandishe juu ya matofali, kama utavipenda vibaki. Usipake rangi kuficha, paka mafuta mbao ikiwa kavu, na misumari ionekane, kwa sababu hujui siku utakayoitafuta kwa viganja. Na mtu wa nyumba yako akikuambia ngojea jua, ngojea. Wageni watakaa uani, hawatakufa.

Nilipokwambia jana nimekuletea kitu cha babu yako ulidhani ni picha. Ni hii bisibisi. Mpini aliufunga kwa raba mwenyewe. Mjukuu wangu ameanza kutambaa, nimemwona anavyoikimbilia baraza ile kila mlango ukifunguliwa. Ishike. Mimi nitabaki na mtoto hapa kwenye saruji, wewe shuka chini uchome boriti zote, uanzie pale uliponiwekea kiti.

Mungu aikaushe nyumba yako, Masika. Awape watoto wako babu na bibi wenye mikono kama ile iliyokushika, na akupe sakafu ambayo juu yake mikono hiyo haitahitajika kamwe.