Keki za Asali za Jumamosi

Kwa miaka mingi niliendesha lori la tumbaku, nikibeba mizigo kutoka Goweko, Urambo na Ulyankulu kuileta Tabora mjini. Nilijua kila kona ya barabara zile, lakini mtaa wangu mwenyewe sikuujua. Aliyeujua ni mke wangu. Kila Jumamosi alioka keki ya asali, akaikata vipande, akavifunga kwenye karatasi na kuvipeleka kwa aliyejifungua, kwa aliyefiwa, hata kwa mtu asiye na shida yoyote ila kukaa peke yake. Nikiwa nyumbani nilikula vile vya pembeni vilivyoungua, wala sikuuliza vile vizuri vinakwenda wapi.

Mwaka niliostaafu, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakampotea. Alitoka hospitali na machache tu: "ndiyo," "bado," "maji," na jina la kitinda mimba wetu, ambalo alituitia sote. Watoto walikuja, wakakaa wiki mbili, wakarudi makazini kwao. Tukabaki wawili, yeye kwenye kiti, mimi sijui nishike nini.

Jumamosi ya kwanza ya upweke wetu nilimkuta jikoni, ameegemea ukuta, anautazama mfuko wa unga.

"Una njaa?"

Akatikisa kichwa.

"Nikupikie chai?"

Akanitazama kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha dumu la asali, halafu mtaani.

"Keki?"

"Ndiyo."

Nikamsogezea kigoda, nikaanza. Kila nilipokosea alisema "bado," na nilikosea mara nyingi. Nilipasua mayai yakaingia na maganda yake. Baking pauda nikatia mara mbili ya ile aliyonionyesha, nikidhani keki itawahi kuiva. Nikaweka sufuria jikoni, nikafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake, kama nilivyowahi kumwona akifanya. Keki ikavimba vizuri, kisha ikabonyea katikati.

"Hili shimo," nikasema, "lori langu lingezama humu."

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu augue. Nikakaa sakafuni nikacheka naye, halafu machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Jumamosi iliyofuata keki ilifaa kuliwa na watu. Akanielekeza kwa kidole kupitia dirishani: kwanza mlango wa bluu, nyumba ya fundi cherehani aliyekuwa amejifungua, kisha dukani kwa mzee wa pale kwenye kona. Nikachukua kikapu na kutoka. Nilikuwa nimepeleka tani nyingi za mizigo maishani mwangu, lakini vipande vile sita vilinitia aibu, nikapita nyuma ya nyumba ili nisionekane.

Fundi cherehani alipofungua mlango, uso ukambadilika.

"Shikamoo baba. Mama yuko salama?"

"Marahaba. Yuko salama. Amekuletea keki."

"Ameoka mwenyewe?"

"Nimeoka mimi. Yeye amesimamia."

Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba alipoolewa hapa, akitokea kwa wazazi wake Ulyankulu, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, na siku nzima alikuwa akijifungia ndani. Mke wangu akabisha hodi na keki. Akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka binti yule akaanza kutoka nje mwenyewe.

"Hukujua, baba?"

Sikujua. Nilikuwa barabarani.

Dukani, yule mzee wa Kihindi aliyefiwa na mkewe alipokea kipande chake, akakinusa, akanirudishia kwa upole.

"Ndugu yangu, samahani. Ina mayai?"

"Ina."

"Mimi sili mayai. Mama hunitengenezea yangu mbali, kwa maziwa ya mgando."

Nilipomweleza mke wangu, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Wiki iliyofuata tuliweka sufuria mbili jikoni, na tangu hapo hazijapungua.

Maneno yakaanza kumrudia pale pale jikoni. "Asali" lilitangulia, likafuata "moto." "Koroga" alilisema kwa ukali hata nikaudondosha mwiko. Mkono wa kulia ulichelewa. Dada mmoja wa mazoezi kutoka hospitali, aliyekuja kila wiki kumnyoosha viungo alimpa mpira wa kufinya, akautupa. Alipopewa donge la unga, akalifinya asubuhi nzima.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nafunga vipande, alichukua fimbo yake akasimama mlangoni.

"Twende," akasema.

Mwendo wa dakika tano tuliutembea nusu saa. Watu walitoka majumbani kumsalimia, naye aliwajibu kwa kichwa, akihifadhi pumzi zake kwa ajili ya njia. Mzee wa duka alipotuona aliacha mteja akisubiri, akaleta kiti chake mwenyewe na kukipangusa. Mke wangu akakaa, akachagua kipande kwenye kikapu, akampa kwa mkono wa kulia. Ulitetemeka, lakini ulifika.

Nikatafuta mahali pa kukaa na mimi. Akanitazama, akakitazama kikapu, bado kina vipande vinne.

"Nenda," akaniambia. "Vinapoa."

Nikakichukua kikapu, nikapita barabara ya mbele.