Zege la zahanati yetu lilivyoishia kwenye kaburi la mama yake Mwenyekiti

Wakuu salaam. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba, nimeitikia kabisa maana humu hamna kawaida ya kusalimia.

Leo nina hasira. Mkiona nimekosea herufi nivumilieni tu. Haya nayoandika sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Jana kijana mmoja kaanzisha uzi kusifia majengo ya zamani. Anasema zege la zamani halipasuki kwa sababu watu wa zamani walikuwa waaminifu, sio kama makandarasi wa leo. Mmemjazia likes hadi nikashangaa.

Mdogo wangu, zege la zamani unalijua wewe? Mimi nimelibeba.

Niliolewa milimani huku Upareni, juu kabisa ya Same, miaka ile ya shida. Sukari foleni, sabuni foleni, na sementi ndiyo ilikuwa kama dhahabu. Huendi dukani kununua. Unaomba kibali wilayani, unasubiri, unasahau, unaomba tena.

Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja cha akina mama kujifungulia. Sakafu ya udongo. Nesi akitaka kufagia anaanza kunyunyiza maji, vumbi likitulia kunakuwa tope. Kuna nyakati viroboto wanaruka hadi kitandani.

Wanawake tukasema hapana. Baragumu la msaragambo likipigwa, sisi ndio wa kwanza kutoka. (Kwa wasiojua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, usipokwenda unapigwa faini.) Tulishusha ndoo hadi mtoni, tukapandisha mchanga kichwani. Kokoto tuliponda kwa nyundo, tumekaa chini miguu tumenyoosha, jiwe tumelishika kwa kipete cha mpira wa tairi ili tusijiponde vidole. Tulijiponda hivyo hivyo.

Rundo la kokoto likakaa pale nje ya zahanati hadi likaota majani. Tunasubiri sementi.

Siku ikaja. Lori likakwama kwenye kona ya chini, barabara ilikuwa utelezi. Tukashuka wote. Wanaume walibeba mifuko mabegani, sisi wanawake tukaichukua kwa machela, ile ile tuliyokuwa tunawashushia wajawazito waliozidiwa. Tulipanda mlima tunaimba. Nakumbuka wifi yangu Namkunda, mdogo wa mume wangu, ndio mimba yake inaanza, tukamkataza kubeba akabeba.

Mwenyekiti wa kijiji akasema zahanati inavuja, sementi ikae stoo ya kijiji. Ufunguo anao yeye. Tukaona sawa, kiongozi.

Kila tukiuliza, "Mwenyekiti, tunamwaga lini?" anajibu, "Subirini, fundi wa wilaya anakuja."

Mvua zikaja, ukungu ukaja, fundi hakuja.

Halafu akaitisha mkutano. Akatuletea mifuko michache imekuwa mawe kabisa, akaigonga kwa rungu mbele yetu. "Ndugu zangu, sementi yote imeganda. Ni hii baridi yetu ya mlimani." Na sura ya huzuni kaiweka.

Tuliamini wakuu. Sementi kweli huganda ikipata unyevu. Kuna wanawake walilia pale.

Baada ya hapo, kule migombani kwake, kaburi la mama yake likaanza kujengewa. Sio kaburi la mchezo. Bamba pana la zege, limepigwa niru ya sementi laini juu linang'aa, pembeni ngazi. Ngazi za nini sijui, marehemu anapanda kwenda wapi? Kila asubuhi mabinti zake wanalimwagilia maji ili likomae vizuri. Akasema sementi kaletewa na ndugu yake wa Mombasa, imepitia Taveta. Tukaamini na hilo. Vitu vingi vilipita njia hiyo.

Namkunda akajifungua kwenye chumba kile kile cha udongo. Mtoto wa kiume, mzima, analia hadi barabarani wanasikia.

Hakumaliza wiki mbili. Aliacha kunyonya. Mdomo ukafunga, mwili ukakakamaa, ukimgusa tu anajipinda. Nesi alimwangalia, akakaa chini akashika kichwa. "Ni pepopunda. Nimepiga kelele mara ngapi kuhusu hiki chumba? Hakisafishiki!"

Sisemi ni ile sakafu iliyomuua. Mimi sio daktari. Ila nesi alisema alichosema, na tulimzika yule mtoto.

Sasa sikilizeni.

Siku moja akapanda fundi mmoja kutoka chini kwenye mashamba ya mkonge, mtu wa Kigoma, hata Kipare hajui. Akaingia uani kwa mama mkwe, ndio nyumba ya kwanza ukipanda, akapewa maji. Namkunda yupo, mimi nipo, tunachambua maharage.

Akamwambia mama mkwe, "Shikamoo mama. Nimesikia mna zahanati haina sakafu. Naomba hiyo kazi, maana nilipomaliza ile nyingine niliacha mifuko imebaki stoo, bado mizuri kabisa."

Mama mkwe akasema, "Kazi ipi nyingine, mwanangu?"

"Ile ya kaburi la mama yake Mwenyekiti. Sementi si alinifungulia stoo ya kijiji?"

Kaongea anakunywa zake maji. Hakujua kaongea nini.

Namkunda hakulia. Aliweka ungo chini, akatoka, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kesho yake asubuhi wanawake wote tulikuwa migombani kwa Mwenyekiti, kila mtu na maharage yake makavu na fimbo yake. Tukayamwaga juu ya lile kaburi. Tukaanza kuyapiga.

Wakuu, kwetu kaburi linaogopwa. Fimbo ya kwanza niliipiga pembeni, polepole. Ya pili niliipiga katikati.

Mwenyekiti akatoka mbio shati halijafungwa. "Nyie! Mnafanya nini juu ya mama yangu?"

Namkunda akapiga goti kidogo, adabu zote. "Shikamoo Mwenyekiti. Tunapura maharage kwenye sakafu ya zahanati."

Akaita mgambo. Mgambo akaja na kirungu chake, akamkuta mkewe ndio kashika fimbo kubwa kuliko zote. Akageuka akaenda zake.

Tulirudi kesho yake, na siku zilizofuata, hadi maharage ya kijiji yakaisha. Waliommaliza Mwenyekiti ni dada zake walioolewa Kihurio. Habari ziliwafikia, wakapanda. Tukajua leo tunapigwa. Wakapita katikati yetu hata hawakututazama, wakamwendea yeye: "Umemfunika mama na mali ya wizi?"

Jioni ile stoo ilifunguliwa. Sementi iliyobaki ilitosha nusu ya chumba, upande wa kitanda. Tulichanganya zege wenyewe, mabeleshi tuliazima, yule fundi akatusawazishia. Namkunda alimwaga ndoo ya kwanza. Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Nusu nyingine ilisubiri hadi mambo yalipofunguliwa, enzi za ruksa. Sementi ikajaa Same, imepangwa nje ya maduka kama viazi. Na mnajua nani alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kufungua duka la sementi? Mwenyekiti yule yule. Hakushtakiwa, hakuvuliwa uongozi. Sakafu ya upande wa pili tulichangishana tukainunua dukani kwake.

Sasa kilichonipandisha presha zaidi ya ule uzi. Juzi wamefungua jengo jipya la wazazi pale pale. Zege limeletwa na gari lenye tumbo linalozunguka, vigae, maji ya bomba, zuri, silikatai. Hotuba zikapigwa. Jengo likapewa jina la Mwenyekiti, marehemu, "mwasisi wa zahanati".

Namkunda alikaa nami mstari wa nyuma. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Akaniambia, "Wifi, mwanangu hakuwa amepewa jina bado."

Basi wakuu. Msiniambie zege la zamani lilikuwa imara kwa sababu ya uaminifu. Pale ambapo lilifika, kuna watu walilipigania. Nilichojifunza ni kimoja: kabla hujapiga makofi kwenye ufunguzi, geuka uangalie waliokaa nyuma.

Na huko kwenu, ukutani wameandika jina la nani? Semeni, nasoma comment zote. Wa kumtetea Mwenyekiti naye aje, leo nipo.