Kidonda Alichomwekea Daktari

Kwa miaka mingi baba alikuwa na daktari mmoja tu, pale kliniki ya mtaa wetu wa Satellite. Alimngoja tangu asubuhi akiwa amevaa koti na tai, maana daktari, alisema, haendewi ovyo. Mimi nilimsindikiza nikinung'unika. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni ya kutoka sofa hadi jikoni, na hata hiyo napumzika njiani.

Kisha kliniki ikabadilisha utaratibu. Nesi mmoja kijana akatueleza kwamba wagonjwa wa sukari kama baba sasa wataangaliwa na watu kadhaa wanaoshauriana: yeye, mtu wa lishe na mtu wa dawa. Daktari ataitwa wakiona shida.

"Guka, sisi ni timu," alisema, akimwita kama babu yake.

"Na golikipa ni nani?"

"Ni wewe. Ukifungwa, tumefungwa sote."

"Na huyu binti yangu?"

"Atatuambia mambo ya nyumbani."

"Basi huyo mweke benchi. Kukimbia hawezi."

Tulicheka. Nilirudi nyumbani nimepata cheo bila hata kutoka jasho.

Kila alipoulizwa kuhusu miguu, baba alijibu, "Iko sawa. Si ndiyo imenileta?" Akiombwa avue viatu, kamba zilikuwa zinasumbua, atavua siku nyingine. Nesi aliposisitiza, baba akawa mkali. Mzee kama yeye angemvuliaje soksi msichana wa rika la binti yake? Hata mimi sikuruhusiwa kuona. Alioga amefunga mlango, akatoka na soksi miguuni. Chini ya kidole kikubwa kulikuwa na kidonda, na hicho alikuwa amemwekea daktari.

Harufu ndiyo iliyotuambia. Siku hiyo, pale kliniki, baba alikubali kuvuliwa, akiwa amechoka. Nesi alipiga magoti sakafuni, akailowesha soksi kwa maji ya chumvi, polepole, mpaka ikaachia ngozi. Hakumgombeza. Baba alitazama ukutani. Kisha nesi akamwita daktari, naye akaja akachuchumaa kando yake.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Walimkata mguu katika hospitali kubwa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Tulimzika na koti lake na tai, kama mtu anayekwenda kliniki.

Siku hizi nami nina presha, zawadi ya sofa. Ni nesi yule yule anayenipima. Juzi alipogeuka na mashine yake alinikuta nimeshavua viatu na soksi, nimevipanga chini ya kiti.

"Leo ni mkono tu, dada. Vaa, sakafu ni baridi."

"Angalia tu," nilimwambia.

Akaiweka mashine mezani, akapiga magoti.