Ukoo Ulipokubali Jicho Litolewe

Siku yangu ya kwanza kliniki ya macho Njombe, Matroni alizima taa, akanipa tochi, akaniambia nimmulike mtoto aliyepakatwa na mama yake.

"Umeona nini?"

Nikajibu kwamba mboni ya kushoto inang'aa nyeupe, kama ya paka.

"Ukiona hivyo usizungukezunguke," akasema. "Hiyo ni saratani, na jicho lina njia ya kwenda kwenye ubongo."

Nilikuwa nimetoka Makambako, nilikokuwa nafunga vidonda vya madereva wa malori, nikidhani nimeletwa mahali pepesi.

Saratani ikiwa bado ndani ya jicho, jicho linatolewa, mtoto anapewa rufaa akatibiwe kwa dawa, na wengi huishi. Ikipita kwenye mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho ikaingia kichwani, sisi hatukuwa na la kuifanya. Tulikuwa tunakimbizana na muda, na muda ulikuwa mikononi mwa ukoo. Baba hakubali peke yake mtoto akatwe kiungo. Wanakaa kikao, na baba mkubwa asipokuwepo, anasubiriwa.

Upendo aliletwa kutoka Makete, mtoto mdogo anayeimba nyimbo za kanisani huku tunampima. Daktari wa Macho alimweleza baba yake yote.

"Daktari, nimeelewa," baba akasema. "Lakini kaka yangu yuko msituni anapasua mbao. Nikikubali kabla yake, mtoto akipata shida watasema nimemtoa kafara."

"Anarudi lini?"

"Mvua zikikata, barabara ikipitika."

Nilimbembeleza mama yake mpaka sauti ikakauka. Akanijibu taratibu, "Sista, mimi nimeolewa pale. Nikiwapinga, nitaishi na nani?" Wakaondoka. Nilikuwa na hasira.

Mvua zilipokata walirudi ukoo mzima, wamevaa nguo za ibada. Baba mkubwa, ndani ya suti yake, alinisalimia kwa heshima.

"Kamwene, sista. Tumekaa, tumekubaliana. Mtoeni jicho."

Upendo alikuwa amelala begani kwa mama yake, jicho limevimba na kutokeza nje. Mama akasema kila asubuhi anatapika na kushika kichwa, na kuimba ameacha. Daktari alimpima, akaniangalia, akatoka nje. Kuwaambia ikabaki kazi yangu. Nikasema saratani imeshaingia kwenye ubongo, kutoa jicho hakutamponya, tutampa dawa ya kupunguza maumivu.

Baba mkubwa alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Lakini sista, si tumekubali?"

Sasa nimestaafu, naishi Makambako, nalima viazi vyangu. Wauguzi vijana wakinitembelea wanataka niwasimulie waliopona. Wapo, wengine ni wazazi sasa, nakutana nao sokoni na jicho lao la bandia, tunacheka. Lakini nikibaki peke yangu hawaji hao kichwani. Anakuja yule mzee na suti yake ya kanisani, ananiuliza, "Si tumekubali?"