Nilimuaibisha Mume Wangu kwa Ajili ya Sanduku la Stima

Nilikosea, na sitafuti wakili. Aliyeharibu raha ya nyumba yangu ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Mume wangu, Baba Njeri, ni mtu wa bima. Wiki nzima anashinda mjini na tai shingoni, watu wakimdanganya kuhusu magari yao. Starehe yake ilikuwa moja tu, muziki. Na si muziki wa kucheza, la! Ni muziki wa kukaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, macho yamefungwa, eti unasikiliza hewa iliyo katikati ya gitaa na ngoma. Hewa! Mtaa wetu wote wa Kilimani umejaa hewa, mtu anaitafuta ndani ya kisahani cha sidii.

Mashine yake ya kucheza sidii ilikuwa nzuri tu. Lakini siku moja akarudi nyumbani akisema inalishwa stima chafu.

"Stima chafu ni gani, Baba Njeri? Haijaoga?"

"Wewe huwezi elewa. Transfoma iliyo ndani ni ndogo. Inafanya bass, ile sauti nzito, inakuwa kama uji."

Basi Luthuli Avenue, kwa wauza vifaa vya stima, ikawa kanisa lake. Akaleta transfoma nzito kama jiwe la kusagia na kapasita za kutunza stima, nene kama mikebe ya maziwa. Meza yangu ya kulia ikageuka karakana, mapazia yakanuka moshi wa kulehemu. Mwishowe akazaa sanduku jeusi la chuma. Lilichomekwa ukutani nyuma ya kochi, na waya wake ukaingia nyuma ya mashine. Hapo akaweka swichi: ikiwa juu, mashine inakula stima safi ya sanduku, ikiwa chini, inakula ile chafu ya zamani. Akaamuru sanduku lisizimwe kamwe, ati lazima lipate moto wake.

Jumamosi mchana wageni wakaanza kuja kusikiliza. Otieno, jirani wa ghorofa ya chini, na Bwana Harjit, Singasinga mmoja mzee muuza vigae kutoka mtaa wa Spring Valley. Wanaume watatu kimya sebuleni, kama wamefiwa.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi nilitaka kupiga pasi, na soketi iliyokuwa karibu ni ile ya sanduku. Nikalichomoa. Nikajua Baba Njeri akikuta mashine imekufa, atafungua kikao cha mahakama. Kwa hivyo nikasukuma swichi chini, mashine ikarudi kwa stima ya zamani. Nikapiga pasi yangu, nikasahau kurudisha. Mpaka hapo, wasomaji, hata nyinyi mngenisamehe.

Wageni wakaja. Baba Njeri akaweka sidii ya piano.

"Sasa sikieni," akasema.

Otieno akatingisha kichwa. "Wueh! Hiyo bass sasa imekauka kama nguo kwa jua!"

"Si niliwaambia? Ni sanduku! Mpaka kidole kikigusa piano, unakisikia!"

Na mimi jikoni, leso mdomoni! Plagi ya sanduku imelala nyuma ya kochi kama panya aliyekufa! Nilicheka hadi nikamwaga sukari.

Ningemwambia jioni hiyo. Shetani gani alinishika, sijui. Nikaacha hivyo hivyo, Jumamosi ya pili, na ya tatu. Nikawa nangojea wageni kuliko hata yeye. Kila wakisifu, nafsi yangu inanenepa.

Ile ya tatu nilipita na sinia ya chai, vijiko vikalia. Baba Njeri, bila hata kufungua macho, akainua kidole.

"Mama Njeri, tafadhali. Unatuharibia."

Mbele ya watu! Kwa nyumba yangu! Na chai yangu!

"Nawaharibia nini?" nikapaza sauti. "Hilo sanduku halijaona stima tangu nilipopiga pasi! Mnasifu ile chafu!" Nikavuta kochi. Plagi hiyo hapo, imevaa vumbi.

Otieno alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Bwana Harjit hakucheka. Alimwangalia mume wangu tu.

Baba Njeri akainama, akaiokota plagi, akaifuta kwa kidole gumba. Akazima muziki.

"Kunyweni chai," akasema.

Otieno naye ana mdomo. Kabla ya Jumatatu jengo zima lilijua. Askari wa geti akawa anamuuliza mume wangu, "Mkubwa, bass iko aje leo?" Baba Njeri akafungua waya zake, akabeba sanduku, sijui alilipeleka wapi. Jumamosi zikawa za nyama choma mahali huko, anarudi giza likiingia. Nami nikabaki na meza yangu, soketi yangu, na kimya changu. Nilikifurahia kwa muda mfupi sana!

Halafu nikakutana na Bwana Harjit dukani Lavington, kwenye mboga.

"Mama Njeri, siku hizi mzee haniiti. Nimemkosea?"

"Hapana, Bwana Harjit. Nilidhani mlikasirika kwa kudanganyika."

"Kudanganyika? Sikio hii moja ilikufa kitambo. Hiyo hewa yake mimi sijawahi sikia! Nilikuwa nakuja kukaa na watu. Tangu mama wa nyumba afariki, kwangu ni mbwa tu inabweka."

Aki, aliniacha nimeshika sukuma wiki kama mjinga.

Jioni hiyo nilimfuata Baba Njeri kwenye roshani. "Nisamehe. Sikufaa kugusa swichi yako."

Akasema: "Swichi si shida. Ungeniambia siku hiyo hiyo, ningecheka wiki nzima. Lakini ulingoja watu wajae."

Nikaingia ndani, nikatafuta simu.

Nilimpigia Bwana Harjit mwenyewe, akarudi. Sasa wanacheza karata na kubishana kuhusu siasa, na Baba Njeri amepunguza nyama choma. Lakini sidii hajaweka tena. Nilimnunulia moja mpya, akasema asante, akaitia kwa droo. Hata nailoni hajaitoa.

Kwa hivyo, wewe dada unayesoma huku ukitabasamu, na wewe kaka pia: mwenzako akipenda upuzi usiouelewa, na siku moja umshike pabaya, funga mlango kwanza. Mwambie mkiwa wawili. Mtacheka hadi mlie, na kesho yake ataendelea na upuzi wake, nawe utaendelea kuwa na mume. Mimi nilitaka watazamaji, nikawapata. Walicheka, wakanywa chai yangu, wakaenda kwao. Mimi ndiye niliyebaki na Baba Njeri.